Makasha ya diski: Yanavyolinda na yanavyoharibu hazina ya mkusanyaji

KASHA la diski ni chombo cha plastiki, karatasi ngumu au bati kinachotumiwa kuhifadhi CD, DVD na diski za Blu-ray. Kazi yake yaonekana nyepesi: kuikinga diski dhidi ya mikwaruzo, vumbi, unyevu na mwangaza, na kumwezesha mwenyewe kuipata upesi anapoihitaji.

Hata hivyo, wakusanyaji wa muziki na filamu wanafahamu kwamba diski nyingi huharibikia ndani ya makasha yayo hayo yaliyokusudiwa kuzilinda. Sababu kuu ni kwamba makasha mengi yalibuniwa kwa kuzingatia mahitaji ya kiwanda na ya duka, wala si ya mtu atakayekaa na diski hiyo kwa miaka 30.

Suala hili si dogo. Nchini Kenya, video nyingi za harusi na mazishi za miaka ya 2000 zilitiwa kwenye DVD, na zipo nyimbo za kwaya na bendi ndogo ambazo hazikutolewa tena baada ya CD za kwanza kuuzwa zikaisha. Diski ya aina hiyo ikiharibika, hakuna duka litakalomuuzia mwenyewe nyingine.

UMBO LA DISKI

Ubora wa kasha hauwezi kupimwa bila kuielewa diski yenyewe. CD ilibuniwa na kampuni za Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, ikaanza kuuzwa nchini Japani mwezi Oktoba 1982. Upana wake ni milimita 120 na unene wake milimita 1.2. Tundu la katikati lina upana wa milimita 15, sawa na sarafu ya senti 10 iliyotumika Uholanzi wakati huo.

Sehemu kubwa ya unene huo ni plastiki angavu iitwayo polikaboneti. Juu yake hupakwa utando mwembamba mno wa alumini, kisha vanishi, halafu jina na picha. Miale ya leza huingilia chini, ikapenya plastiki hadi kwenye alumini na kurudi.

Kwa hivyo, kinyume na wanavyodhani wengi, upande ulio dhaifu zaidi wa CD ni ule wenye maandishi. Mkwaruzo wa upande wa chini, usipokuwa wa kina, unaweza kusuguliwa ukatoweka. Mkwaruzo wa juu ukipenya vanishi huiondoa alumini pamoja na sauti iliyohifadhiwa hapo, na hakuna fundi awezaye kuirejesha.

DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996, ni sahani mbili zenye unene wa milimita 0.6 kila moja, zilizogandishwa pamoja. Muundo huu huikinga vyema dhidi ya mikwaruzo ya juu, lakini hauvumilii kupindwa, kwani gundi iliyo katikati yaweza kuachia.

Kwenye Blu-ray, iliyoingia madukani mwaka wa 2006, habari zimewekwa milimita 0.1 tu kutoka uso unaosomwa. Hapo awali wabunifu wake waliifungia ndani ya kibebeo kigumu cha plastiki, hadi ulipopatikana utando mgumu wa kuukinga uso huo.

Kutokana na maumbo haya, kasha jema lapaswa kutimiza masharti matatu: lisiguse nyuso za diski, lisimlazimishe mtu kuipinda anapoitoa, na lisiwe na kitu kinachovuta unyevu au kutoa kemikali.

KASHA LA KAWAIDA LA CD

Kasha la plastiki ngumu lililozoeleka kote duniani lilibuniwa na Peter Doodson wa kampuni ya Philips, na limetumika tangu CD ilipoanza kuuzwa. Lina vipande vitatu: kifuniko, sehemu ya nyuma, na sinia inayoibeba diski. Upana wake ni takriban milimita 142, kimo milimita 125 na unene milimita 10.

Ubora wake mkuu ni kitovu chenye meno kilicho katikati ya sinia. Meno hayo huishika diski kwenye tundu na kuiacha ikielea, bila nyuso zake kusuguana na chochote. Vilevile, jina husomeka kwenye migongo yote miwili ya kasha, kwa hivyo mkusanyaji mwenye diski mia kadhaa huipata aitakayo bila kupekuapekua.

Kasoro zake nazo zinajulikana na kila aliyewahi kuliangusha. Plastiki inayotumika, polistirini, ni ngumu lakini hukatika upesi. Kifuniko kizima hutegemea mikono miwili myembamba iliyo kwenye bawaba, na kasha likianguka sakafuni, mkono mmoja huvunjika. Tangu hapo kifuniko hulegea na vumbi kuingia.

Meno ya kitovu pia hukatika. Diski ikikosa kushikwa hucheza ndani ya kasha, na vipande vya meno vilivyoachwa humo huwa kama changarawe inayoikwaruza kila kasha linapotikiswa.

Kasoro ya tatu ni vishikizo vya kifuniko vinavyobana kijitabu. Kijitabu chembamba huingia na kutoka bila tatizo, lakini chenye kurasa nyingi hukwama na kuchanika pembezoni. Kwa mkusanyaji hii ni hasara kubwa, kwa sababu majina ya wapigaji, watunzi na tarehe za kurekodiwa huwa yameandikwa humo pekee. Mpenzi wa taarabu mwenye CD za mfululizo wa Zanzibara, ulioanza kutolewa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa mwaka wa 2005, anafahamu kwamba kijitabu ni nusu ya hazina.

Pamoja na hayo yote, kasha hili lina sifa isiyopatikana kwa mengine mengi. Vipimo vyake ni vilevile kila mahali, hivyo likivunjika, mwenyewe hununua tupu akahamisha diski, kijitabu na karatasi ya nyuma, na mkusanyiko ukabaki kamili.

Lipo pia kasha jembamba lenye takriban nusu ya unene huo. Huokoa nafasi, lakini aghalabu halina mgongo wa kuandikwa jina. Makasha 50 ya aina hiyo yakipangwa rafuni huonekana sawa yote, na mwenyewe hulazimika kuyatoa moja moja.

KASHA LA DVD

Kasha la DVD lina kimo cha takriban milimita 190, karibu sawa na kasha la kanda za video za VHS. Ukubwa huo uliyafaa maduka ambayo tayari yalikuwa na rafu za kanda, ijapokuwa diski yenyewe haihitaji nafasi yote hiyo.

Mtindo wa kumtanguliza mwenye duka haukuanzia hapo. Nchini Marekani, CD za miaka ya 1980 ziliuzwa ndani ya maboksi ya karatasi yenye urefu wa takriban inchi 12, ili zienee kwenye rafu za santuri. Mnunuzi alilitupa boksi hilo afikapo nyumbani, na lilikomeshwa mwaka wa 1993 baada ya wasanii na wanamazingira kulalamika.

Plastiki ya kasha la DVD, polipropilini, hunyumbulika na haivunjiki upesi. Tatizo lake limo kwenye kitovu. Vipo vitovu vinavyoachia diski kwa kubonyezwa kidogo tu, na vipo vinavyoing'ang'ania hata mtu akalazimika kuivuta kwa ukingo na kuipinda. Nyufa ndogo huanzia kwenye tundu, zikaelekea nje kila diski inapotolewa.

Kwa upande mwingine, kitovu kilicholegea huiachia diski wakati wa kusafirishwa, ikafika kwa mnunuzi imekwaruzwa kabla ya kuchezwa hata mara moja.

Watengenezaji wa tamthilia zenye diski nyingi walizidisha taabu kwa kuzipandanisha diski mbili upande mmoja. Anayetaka ya chini hana budi kwanza kuitoa ya juu na kutafuta pa kuiweka, na mara nyingi huiweka mezani. Kadhalika, makasha yaliyotobolewa matundu makubwa ili kupunguza plastiki huliacha jalada la karatasi bila egemeo, likabonyea na kuchanika.

KARATASI NA BATI

Makasha ya karatasi ngumu, yakiwemo yale ya chapa ya Digipak, hupendwa kwa uzuri wake na kwa kutumia plastiki kidogo. Hata hivyo, pembe zake huchakaa upesi, na sinia ya plastiki iliyogandishwa ndani haibadilishwi. Jino likikatika, kasha zima limeharibika.

Baya zaidi ni mifuko ya karatasi inayobana. Diski huingia na kutoka ikisuguana na karatasi pande zote mbili, na chembe moja ya mchanga yatosha kuchora mstari mrefu. Mtu hulazimika pia kuingiza vidole ndani, akaacha mafuta ya ngozi juu ya uso unaosomwa.

Kisa kinachotajwa sana na wakusanyaji ni cha kiwanda cha PDO mjini Blackburn, Uingereza. Baadhi ya CD zilizotengenezwa huko kati ya 1988 na 1993 zilipakwa vanishi isiyohimili salfa iliyokuwemo kwenye karatasi za vijitabu na mifuko. Miaka ilivyopita, zilianza kugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, na hatimaye hazikuchezeka. Karatasi iliyowekwa humo kama pambo ndiyo iliyoila diski.

Makasha ya bati, yakiwemo ya SteelBook, huthaminiwa na wapenzi wa filamu. Nayo hubonyea kwa pigo dogo, na kibonyeo hakitoki.

PAKETI NA ALBAMU

Nafasi ndiyo humsukuma mkusanyaji kuyaacha makasha. Diski 100 katika makasha ya kawaida ya CD huchukua rafu ya mita moja. Katika makasha ya DVD, yenye unene wa milimita 14, huchukua takriban mita 1.4. Albamu moja ya zipu hubeba idadi hiyo na ikaingia mkobani.

Gharama ya urahisi huo huonekana baadaye. Albamu za bei nafuu hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo hulainishwa kwa kemikali zinazoweza kujitokeza polepole, zikaacha ukungu wa mafuta juu ya diski au kuinatisha. Polipropilini ni salama zaidi. Albamu iliyojazwa kupita kiasi nayo huzipinda diski zilizo karibu na mgongo.

Kuna pia kasoro ya matumizi ambayo wauzaji hawaitaji. Mkusanyaji aliyezipanga diski zake kwa alfabeti akinunua moja ya herufi B, hulazimika kuzihamisha zote zinazofuata. Albamu yenye kurasa zinazofunguka na kuongezwa huondoa usumbufu huo.

Katika miaka ya 2000, diski nyingi zilizouzwa River Road jijini Nairobi zilitiwa ndani ya paketi nyembamba za plastiki pamoja na karatasi ya picha iliyokunjwa. Paketi hizo zilifaa kuifikisha diski nyumbani tu. Yeyote ambaye bado anazo diski zake humo afaa kuzihamisha.

Mirundo ya diski kwenye mti wa plastiki, kama zinavyouzwa zile tupu, haifai kwa hifadhi. Diski zake hulaliana, na ya chini haipatikani hadi zote zitolewe.

HALI YA HEWA

Mwaka wa 2003, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha mwongozo wa Fred Byers kwa wakutubi na watunza kumbukumbu. Ulipendekeza diski zihifadhiwe kwenye joto la kati ya nyuzi 4 na 20 za selsiasi, na unyevu wa kati ya asilimia 20 na 50.

Wakazi wa Mombasa na Lamu hawawezi kuyafikia masharti hayo bila mtambo wa kupoza hewa. Mwaka wa 2001, wanasayansi wa Uhispania walieleza jinsi kuvu ilivyoishambulia CD iliyotoka Belize, nchi yenye joto na unyevu kama pwani, ikala alumini yake.

Yanayowezekana ni haya: kuweka makasha mbali na sakafu na kuta zenye unyevu, kutia vifuko vya kukausha hewa kabatini na kuvibadilisha, na kuzikagua diski mara kwa mara. Mwongozo huo ulishauri pia kijitabu kitolewe ndani ya kasha lihifadhiwalo muda mrefu, kwa kuwa karatasi huvuta unyevu.

Diski zilizorekodiwa nyumbani au studioni, zikiwemo za harusi, huhitaji uangalifu zaidi. Hutumia rangi maalumu inayofifia kwa mwangaza, hivyo kasha angavu lililo dirishani huziua. Hazifai kubandikwa karatasi za gundi.

UCHAGUZI

Mnunuzi wa makasha tupu afaa kuanza kwa moja au mawili. Aitie diski asiyoijali na kuitoa mara kadhaa: ikimlazimu kuipinda, alikatae kasha hilo. Alitikise likiwa limefungwa: sauti ya kugonga yaonyesha kuwa kitovu kimelegea. Kisha anuse, harufu kali ya plastiki mara nyingi ni ishara ya PVC.

Diski hutolewa kwa kubonyeza kitovu huku ikiinuliwa kwa kingo, na husimamishwa rafuni kama vitabu, wala hailazwi. Hufutwa kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha.

Siku hizi muziki na filamu hupatikana kwa intaneti, na tarakilishi nyingi mpya hazina pa kutilia diski. Lakini kilicho kwenye intaneti huondolewa mkataba wa mwenye haki unapokwisha, na mengi ya Afrika Mashariki hayakuwahi kufika huko. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye diski isiyo na nakala nyingine na aihamishe kwenye tarakilishi mapema ingali inasomeka, kisha airudishe katika kasha linaloistahili.