Damme, Mji Ulioachwa na Bahari

Sisi tuliozaliwa katika milima ya Butembo tumezoea kupanda na kushuka. Mtu akitoka nyumbani kwenda shambani, ama anapanda, ama anashuka. Basi nilipofika Flandria, upande wa Ubelgiji ulio karibu na bahari, macho yangu yalihangaika. Hakuna kilima hata kimoja. Nchi imelala kama mkeka, na msafiri hujua kwamba amekaribia mji kwa kuona mnara wa kanisa tu.

Mwenyeji wangu alikuwa padri mzee aliyefanya kazi miaka mingi Kongo, na Kiswahili hakijamtoka. Asubuhi moja aliniambia, "Mwalimu, leo nakupeleka bandarini." Tukatoka Bruges kwa baiskeli, tukafuata mfereji ulionyoka, wenye miti mirefu iliyoinamishwa na upepo wa bahari. Baada ya kilometa 7 hivi tukaingia Damme. Niliona uwanja, jumba la baraza, nyumba za matofali, maduka ya vitabu, na kanisa lenye mnara mkubwa kupita kiasi cha mji. Bahari sikuiona.

"Padri, bandari iko wapi?" nikauliza.

Akacheka. "Unaikanyaga."

Habari yake ni hii. Husimuliwa kwamba mwaka 1134 dhoruba kubwa ilipiga pwani ile. Bahari ikaivunja nchi, ikafanya mkono mrefu wa maji ulioitwa Zwin, ukielekea Bruges. Lililokuwa pigo kwa wakulima likawa baraka kwa wafanyabiashara. Watu walijenga ukuta wa kuzuia maji mahali pale, na jina la Damme latokana na ukuta huo. Mwaka 1180 Philip wa Alsace, mtawala wa Flandria, aliupa mji haki zake.

Merikebu zikaja na divai ya Ufaransa na samaki wa chumvi. Mizigo ilipakuliwa Damme, kisha ikapelekwa Bruges kwa mashua ndogo. Mwaka 1213 merikebu za mfalme wa Ufaransa zilikuwa zimetia nanga huko. Waingereza wakazishambulia, wakaziteka nyingi na kuchoma nyingine. Ndipo ujue kwamba Damme haikuwa kijiji. Mwaka 1468 Charles, mtawala wa Burgundy, alimwoa huko Margaret wa York, dada wa mfalme wa Uingereza. Na jumba la baraza, lile zuri la mawe nililoliona uwanjani, lilijengwa miaka ile ile, toka 1464 hata 1468.

Lakini wakati wa arusi ile, mji ulikuwa umekwisha kuugua. Merikebu kubwa hazikuweza tena kufika Damme. Zilikuwa zikiishia Sluis, karibu zaidi na bahari. Mchanga ulikuwa umejaa njiani.

Kwa nini mchanga ulijaa? Sisi watu wa bara hatulioni jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Huko maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Hapo kale, maji yakijaa, yaliingia Zwin na kutanda juu ya nchi ya chini. Yakipwa, maji yale mengi yalirudi baharini kwa nguvu, yakaukwangua mchanga na kwenda nao. Bahari yenyewe ilikuwa ikiifagia njia.

Basi watu walitaka mashamba. Wakulima, matajiri, hata watawa, walijenga matuta ya udongo na kuyafungia maji nje. Nchi ikakauka, ikaota majani mazuri kwa ng'ombe. Kila tuta lilimfaa mwenye tuta. Lakini kila nchi iliyofungwa ilipunguza maji yaliyoingia, na kwa hiyo yaliyotoka pia. Mwaga ndoo nzima katika mtaro wenye tope, nalo tope litaondoka. Mwaga kikombe, nalo litabaki. Zwin ikageuka kutoka ndoo ikawa kikombe. Watu wa Bruges walichimba, wakatoa fedha nyingi, lakini walikuwa wamechelewa. Biashara ikahamia Antwerp. Leo bahari iko zaidi ya kilometa 10 kutoka Damme.

Padri alinipeleka kanisani, kwa Bikira Maria. Mnara umesimama peke yake upande mmoja. Upande wa pili liko kanisa ambalo watu husali. Na kati yao zipo kuta zisizo na paa. Mwaka 1725 sehemu ile ya katikati ilibomolewa, maana watu walikuwa wamepungua na hawakuweza tena kulitunza kanisa kubwa namna ile. Nilisimama katikati, mawingu juu ya kichwa changu, mahali walipopiga magoti mabaharia na wachuuzi.

"Mwalimu," akasema padri, "hakuna adui aliyeifunga bandari hii. Waliifunga wenyewe, kila mtu kwa shamba lake."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Nasi tunajua habari ya mji uliohama: Beni ya kwanza ilikuwa bondeni, karibu na mto Semliki, na ugonjwa wa malale uliwaondoa watu. Lakini ule ulikuwa ugonjwa. Wa Damme ulikuwa udongo, tena udongo wa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa mchanga hakipikwi.

Butembo haina bahari. Zwin yetu ni barabara: ya Beni, na ya Kasindi inayotufikisha Uganda hata bandari ya Mombasa. Huko hupita kahawa yetu na mbao, na huko hurudi nguo na mabati. Kweli, mauaji yaliyowapata ndugu zetu wa Beni tangu 2014 yameziumiza njia zetu kuliko tope lo lote, na mtaro hauzuii risasi. Lakini mvua hainyeshwi na waasi. Udongo wa milima yetu unapoteremka na kuziba mitaro, na maji yakapanda barabarani na kuikata, nani ameufungua udongo ule?

Mimi naweza kujibu kwa nafsi yangu. Mbele ya nyumba yangu nilikuwa nimeongeza maharage hata ukingoni mwa mtaro. Mistari miwili tu. Kila mvua iliangusha udongo kidogo, nami nilisema, mistari miwili itadhuru nini? Nadhani mwenye tuta la kwanza pale Flandria alisema vivyo hivyo.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, nilishika jembe, nikaing'oa mistari ile, nikauchimba mtaro, nikapanda majani ukingoni yashike udongo. Jirani yangu akasimama kunitazama.

"Mwalimu, maharage yamekukosea nini?"

Nikamwomba aketi, nikamhadithia habari za Damme. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama mtaro wa upande wake. Hakusema neno. Jumatatu asubuhi nilisikia jembe lake.