Kaskazi, Reli na Mchele

Nahodha wa Muscat au Sur aliyekusudia Unguja hakuanza na bei ya tende. Alianza na upepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba, ilimleta. Kusi ilimrudisha na shehena ya boriti za Rufiji. Katikati ilikuja tanga mbili, na mwenye akili alitulia bandarini. Tena alijua kwamba kusi ina umri wake: akitweka Aprili hupata upepo wa kumsukuma, akingoja hadi Juni hukuta bahari ya Arabuni imechafuka. Aliyebaki Unguja akivizia bei ipande kidogo aliweza kupoteza msimu mzima. Kwanza majira, kisha mzigo.

Charles Dow, mwandishi wa habari wa New York, aliutafuta upepo wa namna hiyo katika tarakimu. Mwaka 1896 alianza kuchapisha wastani wa bei za hisa za kampuni 12 za viwanda, na kando yake wastani wa kampuni za reli. Waliomfuata walijenga kanuni juu ya jozi hiyo: viwanda huzalisha, reli husafirisha, hisa za viwanda zikipanda na za reli zikalala, kupanda huko kusiaminiwe. Dow mwenyewe alilifananisha soko na maji kujaa na kupwa, ambayo hayapimwi kwa wimbi moja. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa.

Mfuasi wake, William Peter Hamilton, mhariri wa Wall Street Journal, aliyatabiri maji hayo hadharani kuanzia 1904 hadi 1929. Mwaka 1933 Alfred Cowles alimpigia hesabu: mara 90 alitangaza mabadiliko, 45 akapatia, 45 akakosea. Aliyenunua hisa na kuzikalia tu angepata zaidi. (Watafiti waliorudia hesabu hiyo mwaka 1998 walimtetea: vipindi alivyokaa nje ya soko vilimpunguzia hatari. Nahodha wa tanga mbili angemwelewa.)

Kasoro, naona, imo katika mfano wenyewe. Maji hayajui kwamba yanatazamwa. Kaskazi haichelewi kwa sababu majahazi mengi mno yametweka tanga siku moja. Soko ni hao hao wanaolitazama: wote wakiamini bei itapanda, wote wamekwisha nunua.

Hili Wajapani walilishika mapema. Soko la mchele la Dojima, Osaka, lililoidhinishwa na serikali ya shoguni mwaka 1730, liliuza hata mikataba ya mchele ambao hakuna aliyeuona. Homma Munehisa (1724–1803) alitoka Sakata, bandari iliyousafirisha mchele wenyewe, hivyo habari za mavuno hazikumpita. Lakini maandishi yanayohusishwa naye yanajali zaidi nyoyo za wanunuzi: watu wote wakikata tamaa, hapo ndipo pa kutafuta sababu ya bei kupanda. Sifa ya kubuni chati za mishumaa anayopewa ina ushahidi hafifu, nami siihitaji. Hoja yake kuhusu nyoyo inanitosha.

Tarehe 25 Oktoba 1929 Hamilton aliandika kwamba maji yamegeuka. Safari hii alipatia, na wastani zote mbili zilimuunga mkono. Swali linalotokana na hoja ya Homma, ni nani aliyebaki wa kununua, halimo katika wastani yoyote kati ya hizo mbili, na bei ziliendelea kuporomoka hadi 1932.