Hoja ya Arius na Jibu la Nikea

Mjadala wa uungu wa Kristo uliozuka Aleksandria mwanzoni mwa karne ya 4 uliwagawa watu waliomwabudu Kristo yule yule. Arius, kasisi wa mji huo, alishikilia kwamba aliyezaliwa sharti awe na mwanzo, akitegemea Mithali 8:22, ambapo tafsiri ya Kigiriki husema Hekima iliumbwa. (Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version hatauona uzito wa hoja hiyo, kwani kitenzi cha kuumba hakimo katika aya hiyo.) Wapinzani wake nao waliamini kuwa Hekima hiyo ni Kristo, hivyo iliwabidi kuifasiri upya aya wasiyoweza kuikwepa. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, ulioitishwa na Kaisari Konstantino, ulitamka kuwa Mwana ana dhati moja na Baba. Istilahi hiyo haimo katika Maandiko, na iliwatatiza hata baadhi ya maaskofu walioitia saini. Hoja nzito zaidi ni ya Athanasius: kiumbe hawezi kuwaokoa viumbe wenzake. Hata hiyo haikushinda upesi. Athanasius alifukuzwa jimboni mwake mara 5, akafa mwaka 373, miaka 8 kabla ya Mtaguso wa Konstantinopoli kuithibitisha imani ya Nikea.