Turufu na Mchoraji Wake

Miongoni mwa maneno ambayo Wareno waliyaacha katika Kiswahili, yako machache ambayo mwalimu huyapita upesi darasani kwa kuyaona kuwa ni ya mchezo tu, na tena mchezo usiosifiwa sana na wazee. Nayo ni maneno ya karata: karata yenyewe, kopa, uru, shupaza, pau na turufu. Maneno hayo yamehifadhi picha ambazo karata zetu zenyewe zimekwisha kuzipoteza. Tukiyafuata yalikotoka, yatatufikisha kwenye swali ambalo lingali linabishaniwa: mtu achorapo kwa mkono wake karata zote za jozi moja, karata hizo ni za nani? Ni zake yeye, ni za aliyemwagiza, au ni za aliyezichapa?

Tuanze na alama. Mchezaji wa leo, awe Mombasa, Kampala au Bujumbura, akitaja kopa huwa ameshika karata yenye moyo mwekundu. Lakini copas katika Kireno ni vikombe. Uru ni ouros, yaani dhahabu, na zamani ilichorwa kama sarafu. Shupaza ni espadas, panga za vita (wala wanafunzi wasidhani kuwa ni panga la kufyekea majani). Pau ni paus, magongo. Wareno walipofika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15, na katika muda wote waliotawala sehemu zake, karata zao zilikuwa na vikombe, sarafu, panga na magongo hayo. Baadaye zikaenea karata za alama za Kifaransa, ambazo zilikuwa rahisi kuchapwa kwa kuwa ni maumbo matupu ya rangi mbili tu. Picha zikabadilika, majina yakabaki. Na jambo hili halikutokea kwetu peke yetu, kwani Wareno wenyewe mpaka leo huuita moyo huo kikombe.

Alama hizo nne nazo asili yake si Ulaya. Katika jumba la Topkapi, mjini Istanbul, imehifadhiwa jozi ya karata za Misri ya zama za Wamameluki, ambayo mtaalamu L. A. Mayer aliitambua katika miaka ya 1930. Ina vikombe, sarafu, panga, na magongo ya mchezo wa polo. Haina sura ya mtu hata moja. Vyeo vimeandikwa kwa maneno: maliki, naibu wa maliki, na naibu wa pili. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Neno hilo hilo naibu ndilo, kwa maoni ya wataalamu wengi, lililowapa Wahispania jina lao la karata, naipes. Na amri ya mji wa Florence ya mwaka 1377, iliyopiga vita mchezo mpya wa karata, iliuita mchezo huo naibbe. Waitalia hawakuijua polo, kwa hiyo magongo ya polo mikononi mwao yakageuka fimbo.

Ama turufu, hiyo ndiyo yenye kisa kirefu zaidi. Tumeipata kutoka kwa Wareno, wasemao trunfo, neno lililo ndugu wa trionfo la Kiitalia, ambalo maana yake ni ushindi, au maandamano ya kushangilia ushindi. Mnamo mwaka 1440 hivi, katika miji ya kaskazini ya Italia, jozi ya kawaida ilikuwa imekwisha kuongezewa karata za namna ya tano, zenye picha za mafumbo: Kaisari, Haki, Gurudumu la Bahati, Mauti, Jua na nyinginezo. Karata 21 kati ya hizo zilishinda karata zote za kawaida. Ya 22 ilikuwa Mpumbavu, ambaye alikuwa na kanuni zake. Zote pamoja ziliitwa trionfi. Karne iliyofuata mchezo ukaitwa tarocchi, na Wafaransa wakasema tarot. Nasi tuseme taroti. Karata 56 za kawaida na 22 za ushindi hufanya 78. Hivyo basi, kila mchezaji wetu apigaye turufu mezani kwa kishindo hulitamka jina la kwanza la taroti pasipo kujua.

Msomaji atauliza: je, taroti si ramli? Kwa muda wa miaka zaidi ya 300 watu wengi waliijua kuwa ni mchezo tu. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizo ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote, na wakati huo hapakuwa na mtu awezaye kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion hakutangaza ufunguo wake hadi mwaka 1822. Hata hivyo habari hiyo iliwapendeza watu, na uaguzi kwa karata ukaenea. Mwanafalsafa Michael Dummett wa Oxford aliibomoa hadithi hiyo kwa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1980. Mimi sina neno zaidi juu ya ramli. Yeye aipendaye anawajua wenyewe. Ninalotaka kulitazama ni kazi ya kuchora.

Wachoraji wa kwanza twawajua kidogo. Karata za watawala wa Milan, wa ukoo wa Visconti na wa Sforza, zilichorwa kwa mkono na kutiwa dhahabu katikati ya karne ya 15, nayo kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya Bonifacio Bembo. Katika jozi iliyo mashuhuri kupita zote zimesalia karata 74. Nazo zimetawanyika, 35 zikiwa New York na zilizobaki zikiwa Bergamo na mikononi mwa ukoo wa Colleoni. Jozi yenyewe huitwa Visconti-Sforza, kwa jina la waliolipa.

Miaka zaidi ya 400 baadaye mambo hayo yalirudiwa. Pamela Colman Smith alizaliwa London tarehe 16 Februari 1878, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Utoto wake ulipita Uingereza na Jamaica, na huko Jamaica alizisikia hadithi za buibui Anansi, ambazo Waafrika wa Magharibi walivuka nazo bahari katika utumwa. Mwaka 1899 alizitoa katika kitabu, Annancy Stories, akazichorea picha yeye mwenyewe. Sisi tuliolelewa na hila za Sungura hatutamwona Anansi kuwa mgeni. Smith alijifunza uchoraji katika chuo cha Pratt, Brooklyn, akaondoka bila shahada. Kisha akafuatana na kundi la tamthilia la Lyceum, la Henry Irving na Ellen Terry. Mwaka 1907 Alfred Stieglitz alizionyesha picha zake New York, katika ukumbi ambao kabla ya hapo ulikuwa wa picha za kamera tu.

Mwaka 1909 Arthur Edward Waite, mwandishi aliyekuwa pamoja naye katika chama cha siri cha Golden Dawn, alimwagiza achore jozi mpya ya taroti. Smith aliimaliza kazi hiyo katika miezi ipatayo sita. Tufanye hesabu: picha 78 kwa siku 180 hivi, ndiyo kusema picha moja kwa kila siku mbili na ushei, na kila moja ikiwa na watu wake, mavazi yake na mbingu yake. Mwezi Novemba alimwandikia Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana. Mwezi Desemba karata zikatolewa na William Rider & Son wa London.

Ni nini alichokifanya? Katika jozi nyingi za kabla yake, karata za namba hazikuwa na habari. Sita ya panga ilikuwa panga sita zilizopangwa vizuri, basi. Smith alizipa karata nyingi za namba tukio la binadamu. Katika sita ya panga yake, mvuvushi anamvusha mwanamke na mtoto mtoni, na panga sita zimesimama ndani ya mtumbwi. Hatuambiwi wanakimbia nini. Katika tano ya vikombe, mtu aliyejitanda joho jeusi anavitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake vimesimama viwili asivyoviona. Katika tano ya sarafu, maskini wawili, mmoja wao ana magongo ya kutembelea, wanapita katika theluji chini ya dirisha la kanisa lenye mwanga. Mwanafunzi asiyejua hata neno moja la Kiingereza aweza kuisimulia kila picha. Yamkini ni kwa sababu mchoraji mwenyewe alikuwa msimulizi wa hadithi na mtu wa jukwaani: katika karata kadhaa upo mstari wa ulalo utenganishao sakafu na mandhari ya nyuma, kama pazia la tamthilia.

Haki itendeke pande zote. Smith hakuwa wa kwanza kabisa kuchora matukio katika karata za namba. Jozi ya Kiitalia iitwayo Sola Busca, ya mwaka 1491 hivi, ilikuwa nayo, na picha zake za kamera zilifika British Museum mwaka 1907. Tatu ya panga ya Smith, moyo uliochomwa na panga tatu, inafanana na ya Sola Busca kiasi cha kutoacha shaka. Lakini nyingi sana nyinginezo ni zake. Waite katika kitabu chake alizieleza turufu kuu kwa kirefu, na za namba kwa maneno machache. Ndiyo maana wachunguzi wengi huona kwamba hapo alimwachia mchoraji kalamu yake.

Pamoja na hayo, dunia iliijua jozi hiyo kwa jina la Rider, na baadaye Rider-Waite, na hasa tangu kampuni moja ya Marekani ilipoanza kuichapa upya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyechapa na aliyeagiza wakatajwa, aliyechora akasahauliwa. Smith alifariki Bude, katika Cornwall, tarehe 18 Septemba 1951, na mali yake ikauzwa kulipia madeni. Jambo kama hilo lilimfika Frieda Harris, aliyechora taroti nyingine kubwa kati ya mwaka 1938 na 1943 kwa maelekezo ya Aleister Crowley. Harris alifariki mwaka 1962. Karata zake zilichapwa kwa ukamilifu mwaka 1969, na watu wengi hata sasa huziita za Crowley.

Ningependa kuona darasa la Kiswahili likitengeneza jozi yake. Kazi ya kwanza iwe ni kuzirudishia alama majina yake: kopa ichorwe kikombe, au kata ya maji; uru iwe shilingi au faranga; shupaza iwe upanga; pau iwe bakora. Mwanafunzi apewe karata moja, atafute tukio, alichore, kisha alisimulie kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Theluji ya Smith tuiache kwao. Mvua ya masika katika kituo cha basi yatosha kuwa tano ya sarafu. Na kila mmoja atie jina lake pembeni mwa karata kabla ya kuikabidhi.

Smith alifanya hivyo. Katika kona ya karata zake ipo alama ndogo ya herufi P, C na S zilizosokotana kama nyoka, nayo imechapwa pamoja na picha miaka yote hiyo, hata pale ambapo jina lake halikuwapo juu ya kasha. Mwaka 2009, karata hizo zilipotimiza miaka 100, ilitolewa jozi ya kumbukumbu, na juu ya kasha lake majina yalipangwa hivi: Smith-Waite.