Vipuri vya magari ya kale, utengenezaji wa

Utengenezaji wa vipuri vya magari ya kale ni kazi ya kuunda upya sehemu za gari ambazo kiwanda hakizitoi tena. Fundi huanza na kipuri kilichochakaa: hukipima, hukadiria unene uliolika, kisha huchora mchoro.

Njia kuu ni tatu. Bushi, pini na boliti hukerezwa. Madigadi na milango hugongwa kwa bati. Vifuniko vya injini na vinginevyo vyenye umbo gumu husubiwa. Katika kusubu, kielelezo cha mbao hufanywa kikubwa kidogo kuliko kipuri, kwa kuwa alumini husinyaa kwa takriban asilimia 1.3 inapopoa. Kielelezo hushindiliwa ndani ya mchanga wenye unyevu, hutolewa, na alumini iliyoyeyuka humiminwa katika uwazi uliobaki.

Nchini Kuba, vikwazo vya biashara vya Marekani vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilikata njia ya vipuri vya magari ya Kimarekani yaliyoingizwa kabla ya hapo. Mafundi wa huko wameyaweka barabarani kwa kujiundia vipuri na kufunga injini za aina nyingine. Ipo pia njia mpya: mwaka 2018 kampuni ya Porsche ilitangaza kuchapa vipuri kwa leza inayoyeyusha unga wa metali, kikiwemo kiwenzo cha klachi cha Porsche 959, modeli ambayo magari yake hayakuzidi 350.

Kipuri asilia kisitupwe hata kikivunjika, kwani mara nyingi ndicho ushahidi pekee wa vipimo sahihi.