Kianzio Kilivyoyeyuka

Mwanzoni mwa karne ya 20, benki nyingi za Marekani hazikutaka kuligusa gari. Kwao lilikuwa anasa inayoshuka thamani kila siku, tena dhamana yenye magurudumu: mdaiwa angeweza kuwasha injini usiku, akavuka jimbo na kupotea nalo. Aliyetaka gari alibeba fedha taslimu.

Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ikaanzisha tawi lake la mikopo, GMAC. Mteja alitoa takriban asilimia 35 ya bei kama kianzio, kisha akamaliza kilichobaki ndani ya mwaka mmoja. Masharti hayo makali hayakuwekwa kwa huruma. Mkopeshaji alitaka deni lishuke haraka kuliko thamani ya gari, ili siku ya kulitwaa asipate hasara.

Henry Ford, aliyechukia madeni, alijibu kwa njia yake. Mwaka 1923 alitangaza mpango wa kuweka akiba: mteja apeleke dola 5 kila wiki, na akabidhiwe gari bei ikishatimia. Wanunuzi hawakuwa na subira hiyo. Kwa wapinzani wa Ford mtu aliondoka na gari leo, na kufikia 1928 Ford naye alikuwa na kampuni ya kukopesha.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi. Mwanauchumi Martha Olney ameonyesha kwamba mwaka 1930 familia nyingi zilipunguza manunuzi mengine kuliko kuacha marejesho ya gari, kwa kuwa kushindwa kulipa kulimaanisha kupoteza gari pamoja na kila senti iliyokwisha kutolewa. Kianzio kikubwa kiligeuka mateka: wadaiwa walilipa, maduka yakadoda, na uchumi ukazidi kunywea. Anayekisifu kianzio asiusahau mwaka huo.

Serikali ya Marekani iliwahi hata kukifanya sheria. Kuanzia Septemba 1941, vita vikinukia, Kanuni W ya benki kuu ilidai theluthi moja ya bei mkononi na muda usiozidi miezi 18. Lengo lilikuwa kubana mfumuko wa bei. Kanuni hiyo iliondolewa na kurudishwa mara kadhaa hadi ilipokoma mwaka 1952. Baada ya hapo ushindani ulifungua mlango: katikati ya muongo huo mikopo ya miezi 36 ilienea, baadaye ikaja ya 60, 72, hata 84, na kianzio kikazidi kupungua hadi mabango ya wauzaji yakatangaza sifuri.

Hesabu ya sifuri haifichiki. Chukua gari la dola 30,000, bila kianzio, kwa riba ya asilimia 9 na miezi 72. Marejesho ni kama dola 541 kwa mwezi, na riba yote inakaribia dola 8,900. Baada ya mwaka mmoja deni bado ni takriban dola 26,000. Gari likiwa limepoteza moja ya tano ya bei, kiwango cha kawaida kwa gari jipya, linauzika kwa dola 24,000, yaani pungufu ya deni kwa dola 2,000. Likigongwa au kuibwa siku hiyo, bima ya kawaida hulipa thamani ya gari, si deni, na mwenye gari hubaki akilipia chuma asichonacho. Wengine huenda kwa muuzaji kubadilisha gari, na zile dola 2,000 zinapachikwa kwenye mkopo mpya. Gari la pili linaanza safari likiwa na deni la gari la kwanza.

Afrika Mashariki inaujua mpango huu kupitia pikipiki. Bodaboda wa Tanzania anayeendesha kwa "mkataba" mara nyingi hukabidhiwa chombo bila kianzio, akapeleka hesabu kila siku au kila wiki mpaka kiwe chake. Akiugua au pikipiki ikiharibika, hesabu haingoji, na mwenye chombo anaweza kukichukua hata miezi michache kabla ya mkataba kuisha.