Waliobaki Hewani: Redio za Ridhaa na Maafa Tangu 1913

Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1913 mvua kubwa ilianza kunyesha katika jimbo la Ohio, Marekani. Siku mbili baadaye mto Great Miami ulibomoa kingo zake mjini Dayton, maji yakapanda hadi mita 6 katikati ya mji, na nyaya za simu na telegrafu zikakatika. Watu zaidi ya 300 walikufa katika bonde hilo. Wakati viongozi wa jimbo wakihangaika kujua hali ikoje, habari zilianza kupenya kwa njia ambayo hawakuwa wameipanga. Vijana waliojitengenezea mitambo ya cheche nyumbani, pamoja na vituo vya vyuo vikuu vya Ohio na Michigan, walipokezana ujumbe kwa alama za Morse kutoka mji hadi mji.

Vijana wa namna hiyo walikuwa wametoka tu kubanwa na sheria. Mwaka mmoja kabla, baada ya meli ya Titanic kuzama, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya redio iliyowaondoa kwenye masafa ya meli na jeshi na kuwasukuma kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini, ambayo wataalamu wa siku hizo waliamini hayana faida. Wataalamu walikosea. Desemba 1921 ishara za redio za ridhaa zilisikika Scotland zikitoka Connecticut, na Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy akiwa Nice aliwasiliana na Marekani kwa mawimbi hayo mafupi, kwenda na kurudi. Masafa yaliyotupwa ndiyo yaliyokuja kuvusha habari za maafa kwenye bahari na milima.

Lakini mawimbi kufika mbali ni jambo moja, na ujumbe kumfikia anayeuhitaji ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha historia hii yote, na mtu wa kwanza kuishika vizuri alikuwa Hiram Percy Maxim, mhandisi wa Hartford, Connecticut. Mwaka 1914 alitaka kupeleka ujumbe mji wa Springfield, umbali usiofika kilomita 50, mtambo wake ukashindwa. Akamwomba mwenzake wa katikati ya njia aupokee na kuusukuma mbele. Kutokana na hilo, yeye na kijana Clarence Tuska wakaanzisha chama cha kupokezana ujumbe, American Radio Relay League, ambacho hadi leo kinajulikana kwa herufi ARRL. Hakikuanza kama chama cha kushindana kwa nguvu za mitambo. Kilianza kama orodha: nani yuko wapi, anasikika saa ngapi, anaweza kumfikia nani.

Orodha hiyo ilipimwa mara nyingi. Septemba 1928 kimbunga kilipiga Florida na kuvunja tuta la ziwa Okeechobee, wakafa watu zaidi ya 2,500. Miongoni mwa habari za mwanzo kutoka West Palm Beach ni zile zilizotumwa na waendesha redio wa ridhaa kwa umeme wa betri. Mwaka 1935 ARRL iliunda kikosi maalumu cha dharura, na wanachama wakaanza kujiandikisha kabla ya maafa badala ya kujitokeza baada yake. Miezi ya mwanzo ya 1937 mto Ohio ulifurika, ukawaacha watu karibu milioni moja bila makazi. Safari hii waliokuwa hewani walikuwa wanajuana.

Hapa inafaa kueleza wanavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani mwendesha redio wa ridhaa ni mtu anayepiga kelele hewani akiomba msaada. Ni raia mwenye leseni, aliyefanya mtihani, asiyelipwa na asiyeruhusiwa kulipwa. Maafa yakitokea, kituo kimoja hushika uongozi wa masafa. Wengine hujitambulisha mmoja mmoja kwa jina la kituo na mahali walipo, kisha hunyamaza. Hakuna anayezungumza bila kuitwa. Anayeshika ujumbe husema ni wa daraja gani: dharura ya uhai hupita kwanza, kisha mambo ya haraka ya kazi, kisha habari za hali ya ndugu, na salamu za kawaida mwisho kabisa. Kila ujumbe una namba, kituo ulikotoka, saa, na idadi ya maneno. Mpokeaji huhesabu maneno aliyoandika. Yakipungua, huomba urudiwe. Kituo kiongozi kisipomsikia mtu wa bondeni, anayewasikia wote wawili hujitolea kuwa daraja.

Nidhamu hiyo inaweza kuonekana ya kikarani, ila mimi naiona ya kiutu kabisa. Mganga anayeomba chupa 40 za dripu asipoandikiwa namba sawasawa atapelekewa 14, na mtu anayeambiwa mama yake yuko salama ana haki ya kuambiwa jina lililo sahihi. Utaratibu huu haujifunzwi siku ya tetemeko. Hujifunzwa jioni za wiki, watu wakiwa majumbani mwao, wakipeana ujumbe wa mazoezi usio na maana yoyote.

Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, Bahari ya Kaskazini ilivamia nchi kavu. Uholanzi ilipoteza watu 1,836, Uingereza zaidi ya 300. Waholanzi wenye redio zao waliunganisha visiwa vilivyozingirwa na maji na sehemu nyingine za nchi. Upande wa Uingereza kulikuwa na kizuizi cha ajabu: waendesha redio walikuwepo na vifaa walikuwa navyo, lakini leseni haikuwaruhusu kupeleka ujumbe wa mtu mwingine. Mwaka huohuo ukaundwa mtandao wa RAYNET, na ruhusa ikapatikana ya kuzihudumia taasisi za uokoaji. Serikali nyingi zimepitia njia hiyohiyo, na nyingi zimeipitia zimechelewa.

Kizuizi hicho kilikuwa pia kati ya nchi na nchi. Septemba 19, 1985, tetemeko liliharibu kituo kikuu cha simu za masafa marefu cha Mexico City, na kwa siku kadhaa sehemu kubwa ya habari za ndugu kwenda nje ilipita kwenye redio za ridhaa. Mwaka 1998 nchi zilikutana Tampere, Finland, zikakubaliana kuondoa urasimu unaozuia vifaa vya mawasiliano kuvuka mipaka wakati wa maafa; mkataba huo ulianza kutumika Januari 2005. Katikati, mwaka 2003, mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva uliandika wazi kwamba vituo vya ridhaa vinaweza kupeleka ujumbe wa watu wengine kimataifa wakati wa dharura, na ukazihimiza serikali ziwaruhusu waendeshaji wake kujiandaa mapema.

Kisha ukaja mfano ambao ningependa kila mdhibiti wa mawasiliano aujue. Kwa miaka mingi India haikuruhusu redio za ridhaa katika visiwa vya Andaman na Nicobar, kwa sababu za kiusalama. Mwisho wa mwaka 2004 ruhusa ilitolewa, na Bharathi Prasad akaongoza kikundi kidogo hadi Port Blair. Lengo lilikuwa la burudani tu: kuzungumza na wenzao duniani kutoka mahali adimu. Asubuhi ya Desemba 26 ardhi ilitetemeka, bahari ikaja, na simu na umeme vikakatika. Bharathi alirudi hewani na kutangaza kwamba masafa yale sasa ni ya dharura. Wenzake wa India bara walipokea majina, wakapigia familia simu, wakarudisha majibu. Baadaye kundi hilo lilifungua kituo kwa ajili ya utawala wa visiwa na kupeleka watu hadi Car Nicobar, kisiwa kilichoumia vibaya mno. Mawimbi hayohayo ya bahari yaliua karibu watu 300 Somalia na wengine kadhaa Kenya na Tanzania. Maafa hayo yalikuwa yetu pia.

Tafakari ingekuwaje kama ruhusa ile ingechelewa wiki nne.

Kuna wanaosema zama hizi zimepita, kwa kuwa kuna simu za mkononi na intaneti ya setilaiti. Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico, na minara takriban 95 kati ya kila 100 ya simu za mkononi ikazimika. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba msaada wa ARRL, wakaenda watu 22 wa kujitolea. Setilaiti ni msaada mkubwa, nami sipingi, lakini huhitaji akaunti, malipo, na kampuni iliyo mbali. Redio ya wati 100 huhitaji betri ya gari na waya. Tena waya huo ukitandazwa mita chache tu juu ya ardhi, mawimbi hupanda karibu wima, hurudishwa na tabaka la juu la anga, na kufunika kilomita mia kadhaa bila kujali milima. Masafa ya karibu megahezi 7 hufaa mchana, ya 3.5 usiku. Kwa mtu wa Uluguru, Usambara au Bonde la Ufa, hiyo si nadharia.

Afrika Mashariki haianzi patupu. Kabla ya uhuru vituo vya ridhaa vilikuwa hewani kwa alama ya VQ3 Tanganyika na VQ4 Kenya. Leo ni 5H na 5Z, na nchi zote mbili zina vyama vyao na mamlaka zinazotoa leseni. Isitoshe, utaratibu wa kupokezana hewani tunaujua kwa njia nyingine. Shirika la AMREF, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na daktari Michael Wood na wenzake, liliunganisha hospitali za mbali na madaktari wa ndege kwa simu ya upepo. Saa maalumu, kituo kiongozi, kila hospitali ikiitwa kwa zamu, "ova". Wauguzi wengi wa zamani waliujua utaratibu huo kwa moyo. Haukuwa wa ridhaa, lakini nidhamu ni ileile, na minara ya simu za mkononi ilipoenea tuliiacha ipotee.

Tangu hapo tumezika watu wa Bukoba baada ya tetemeko la Septemba 2016, wa Hanang baada ya tope la Desemba 2023, na wa Mai Mahiu baada ya maji ya Aprili 2024. Sidai kwamba redio ingewaokoa. Redio haichimbui mtu. Swali langu ni dogo zaidi: siku minara itakapoanguka, mkuu wa mkoa au gavana wa kaunti anayo orodha ya nani wa kumwita, na kwa masafa gani?

Gharama ya kuwa na jibu ni ndogo. Mamlaka za mawasiliano zirahisishe leseni na mitihani ya ridhaa, hasa kwa vyuo vya ufundi na maskauti. Idara za maafa ziwaandikishe wenye leseni wa kila mkoa na kila kaunti, ziwape masafa, na ziwaite kwenye mazoezi angalau mara moja kila msimu wa mvua. Na wewe msomaji mwenye mkono wa ufundi, nenda kwenye chama cha redio cha nchi yako ukaombe kufundishwa. Mvua za masika haziko mbali.